Hodi ya Ukutani

Kosa lenyewe lilikuwa la adabu, na ndiyo maana mpaka leo linauma. Mshoni alikuwa jikoni kwenye nyumba yao mpya, maboksi yamemzunguka, anatafuta sufuria lililofungwa pamoja na viatu, maana aliyefunga mizigo ni mumewe. Mumewe huyo, dereva wa malori, alikuwa uani akipakua kabati huku akilitukana. Fundi mwashi naye alikuwa pale pale jikoni, ameinua nyundo ya kubomolea ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kijichumba kisicho na mlango wala dirisha, na wao walitaka jiko pana. Nani asiyetaka?

Nyundo ikatua. Plasta ikamwagika. Kisha mtu akasema, "Hodi."

Mshoni hata hakugeuka. Aliyelelewa na mama yake akalelewa vizuri, akisikia hodi atanyamazaje? "Karibu! Karibu ndani, hapa ni kwako!" aliitikia, kichwa kimezama ndani ya boksi.

"Asante," sauti ikajibu. "Nimeshakaribia."

Fundi alikuwa ameishusha nyundo polepole. "Mama," alinong'ona, "mlango uko huku. Hiyo hodi imetoka ukutani."

"Fundi, acha utani wako."

"Utani gani, mama? Nimeisikia mikononi, kwenye mpini."

Mshoni alicheka kidogo, kicheko kikamkaukia. Jua lilikuwa linawaka, mlango uko wazi, kuku wa jirani wanachakura nje, na bado jiko likajaa harufu ya nywele zilizoungua. Vumbi la plasta sakafuni likaanza kuchapwa nyayo. Unyayo mmoja, mkubwa mno. Wa pili. Zikampita Fundi, zikasimama nyuma yake.

Nyundo ilimtoka mikononi. Haikuanguka, jamani, ilipanda. Ikamshukia begani, mfupa ukalia kama kuni kavu, na kabla hajamaliza kupiga yowe ikamrudia kichwani, naye akalala kifudifudi juu ya matofali, damu ikimtoka masikioni.

"Nani anampiga fundi wangu?" Dereva aliingia mbio, kifua mbele. Hakuwa mwoga, hilo tumpe haki yake, lakini ushujaa mwingine ni kujitafutia msiba. Aliukamata mpini uliokuwa ukining'inia hewani, akauvuta kwa nguvu zake zote, na mpini ukamnyanyua yeye badala ya yeye kuushusha, ukamzungusha, ukambamiza ukutani, ukambamiza tena, meno yakaruka, mkono ukapinda pale mkono usipopinda, mpaka akaporomoka chini akikoroma damu.

"Nyumbani kwangu sitaki kelele," sauti ilisema, taratibu kabisa.

Ndipo mlangoni akatokea Kifungo, binti yao, aliyepewa jina hilo kwa sababu utotoni alimeza kifungo cha koti la mteja. Mshoni alimwona, na moyo wake ukasahau kila kitu kingine duniani: nyumba, jiko, hata mume. Mtoto huyu atoke hai. Basi.

"Mama," Kifungo aliuliza akitazama juu, karibu na dari, "huyu mjomba mrefu ni nani?"

Nyayo zikageuka. Nyundo ikanyanyuka juu ya kichwa cha mtoto, ikidondosha damu ya Fundi kwenye nywele zake alizosuka jana.

"Toka!" Mshoni alifoka. "Toka kwenye nyumba yangu, jini wewe!"

"Nyumba ya nani? Umenikaribisha kwa kinywa chako. Umesema hapa ni kwangu."

Mshoni alisali. Alisoma kila alichowahi kufundishwa, machozi yakimwingia mdomoni, na lile jini likasoma pamoja naye, neno kwa neno, na pale alipokosea kwa hofu likamsahihisha. Dua zimegonga mwamba, mume hajiwezi, nyundo inapanda, na katika kichwa chake kilichovurugika likabaki neno moja tu la kushika, lile lile lililomponza: kwako, hapa ni kwako, amelipokea, amelikubali, sasa kama hapa ni kwake, sisi ni nani humu?

Akapiga magoti kwenye damu.

"Shikamoo, mwenye nyumba."

Kisha, kwa mshangao kidogo: "Marahaba."

"Sisi ni wageni wako. Mgeni hapigwi."

Nyundo ilitetemeka hewani. Halafu ikashuka, ikalazwa sakafuni kwa adabu, mpini umeelekezwa ukutani.

"Kweli," likasema. "Mgeni hapigwi."

"Basi tunaomba ruhusa tuondoke. Tumekaa vya kutosha."

"Mapema hivi? Hata maji hamjanywa."

"Safari ni ndefu, mwenyeji wetu."

"Haya. Ruhusa mnayo."

Alimwinua Dereva kwa kwapa, akamshika Kifungo mkono, wakatoka. Fundi wakamwacha, Mungu amrehemu. Sufuria, kabati, cherehani iliyomlisha miaka yote, vyote viliachwa, na Mshoni hakutazama nyuma. Mtoto wake alikuwa hai. Walipofika kwenye kona, wakielekea kwa bibi yake Kifungo, alianza kulia kwa furaha, kwa sauti, bila haya.

Kifungo akamvuta nyuma.

"Mama, twende polepole."

Mshoni aligeuka. Mkono mmoja wa mtoto ulikuwa ndani ya mkono wake. Ule mwingine ulikuwa umenyooshwa juu, juu sana, vidole vimekunjwa kushika hewa, na kiganja kimeanza kuwa cheusi.

"Mjomba anasema mwenyeji mwema haagi wageni mlangoni," alisema Kifungo. "Anatusindikiza mpaka kwa bibi."