Mgeni wa Inchi Kumi na Saba

Harufu ilianza dukani, Sagal akiwa bado anachagua. Kinoti, Mmeru aliyehamia Garissa na biashara yake ya kompyuta za mitumba, aliwasha ile kubwa, feni yake ikanguruma, na hewa ya moto iliyotoka ubavuni ikanukia uunsi, ule udi ambao wanawake wa Kisomali hufukiza majumbani jioni. Sagal akageuka kuona ni nani amefukiza. Dukani walikuwa wao wawili tu, na ilikuwa saa nne asubuhi.

"Mama, sitakuficha," Kinoti alisema. Alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli, ugonjwa mbaya kwa mwenye duka. "Uzuri wa hii ni kioo. Inchi kumi na saba! Hata aliyesimama mlangoni anaona. Sasa ubaya. Ni nzito. Kamera yake ni ya kuombea dua. Kioo kinang'aa mno, ukiizima unajiona mpaka nywele za pua. Na betri ni saa moja, ukibahatika. Hii ndogo hapa inakaa siku nzima."

"Hiyo kidogo mimi sitaki. Mama mzee macho yake iko na utando. Kwa simu anaona kijana yake kama nzi."

"Basi ni hii. Ilitoka kwa ofisi fulani iliyofungwa, njia ya Dadaab. Vitu vyote viligombaniwa, hii ikabaki peke yake." Akasita. "Sijui kwa nini."

Sagal angeuliza. Hakuuliza, maana moyo wake ulikuwa umeshafika nyumbani kwa Sharifo, mama mkwe wake, ambaye hakuwa ameuona uso wa mwanawe Mustafe mwaka mzima. Mustafe aliuza vitambaa Mandera, na barabara ya huko haikuwa ya kusafiri mtu akitaka, kwa hofu ya mashambulizi.

Alasiri ileile wakampigia. Uso wa Mustafe ukajaa kioo kizima. Mama mtu akaushika kwa viganja viwili, akalia, akasema amekonda.

"Na nyinyi mna mgeni, hamsemi!" Mustafe alicheka. "Huyo mama aliyekaa nyuma yenu, mwenye buibui jeusi. Picha ni mbovu, simtambui."

Sagal akageuka. Nyuma yao kulikuwa na mkeka na ukuta. Kabla hajafungua kinywa, mumewe alikuwa ameshapunga mkono, kwa adabu aliyolelewa nayo kwamba mgeni hukaribishwa kwanza na jina huulizwa baadaye. "Soo dhawow, eddo! Karibu sana, shangazi! Siku ukifika Mandera, kwangu ni kwako!"

"Ni kamera," Sagal alisema. "Kinoti alinionya." Akaizima upesi. Kioo kikawa cheusi, kikang'aa, na ndani yake akajiona yeye, akamwona mama mkwe, na katikati yao akaona bega la tatu.

Kuanzia hapo Sharifo hakutaka kukaa pengine. Adhuhuri, jua likiwa limewafukuza watu barabarani na mtaa mzima umelala, alikaa mbele ya kioo kilichozimwa, akinong'ona. Feni ilizunguka, na waya haukuwa umechomekwa. Ilivuta hewa, ikatulia, ikatoa hewa, taratibu, sawa na mtu aliyelala chumba cha pili.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mgeni. Punguza sauti." Yule mzee alitabasamu. "Ana safari ya Mandera. Amealikwa huko. Anasema hajui njia, basi nitamsindikiza. Nikamwone Mustafe."

"Mustafe atakuja mwenyewe, inshallah. Kula kidogo."

"Nimeshafunga nguo zangu. Msafiri hali akajaza tumbo."

Siku ya nne mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Sagal aliogopa, aliogopa sana, maana mzee asiyekula ana safari moja tu. Akaibeba ile kompyuta kuitupa nje. Ilikuwa nzito, nzito kuliko alivyoitoa dukani, na alipofika mlangoni Sharifo alipiga ukelele akaanguka, na pumzi haikumrudia mpaka kile kitu kiliporudishwa mezani.

Sheikh Shuaib alikuja mchana wa siku ya tano. Aliinamisha sikio kwenye matundu ya feni, akainuka polepole.

"Huyu hakujiingiza. Amekaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Sagal alimtazama mama mkwe wake kitandani. Mkono wa mumewe uliopunga na kicheko chake havikumjia akilini kabisa. "Labda mama," alisema. "Ndiye anayeongea naye."

"Basi isomwe al-Baqara yote, itoke ndani ya hicho kifaa chenyewe, isikatike. Ikiisha ataondoka hapa, aende zake alikokuwa akienda. Ikikatika, hataondoka peke yake." Akaiwasha mwenyewe, akakaa karibu nusu ya kisomo, kisha akatoka kwenda kusalisha alasiri.

Hakuwa amefika msikitini stima ilipopotea.

Sagal akakumbuka betri. Saa moja, ukibahatika. Kisomo kiliendelea, na ile namba pembeni mwa kioo ikashuka, hamsini, thelathini, kumi na mbili, na kadiri ilivyoshuka ndivyo uunsi ulivyozidi mpaka macho yakamtoka machozi, na feni ikaacha kupumua ikaanza kuguna, na Sharifo akaketi kitandani macho yamegeuka meupe akiuliza kwa sauti isiyokuwa yake kama gari limefika, kama gari limefika, kama gari limefika, na Sagal akamkumbatia kwa nguvu zake zote huku kwenye kioo akiona watu watatu wamekumbatiana, na zikiwa zimebaki aya mbili tu, kioo kikazima.

Akazisoma yeye. Alizihifadhi katika dugsi, madrasa ya Kisomali, akiwa na miaka saba, kwa fimbo ya mwalimu, na hakuwahi kuishukuru fimbo ile kama siku hiyo. Alipofika mwisho, Sharifo alilegea mikononi mwake. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, ukafungwa kwa adabu.

Jioni mama alikunywa chai ya maziwa ya ngamia, vikombe viwili. Nyuma ya nyumba ile kompyuta iliungua kwa moshi mweusi usiokuwa na harufu nyingine ila ya plastiki. Sagal alikuwa na furaha. Baada ya magharibi akampigia mumewe kwa simu yake ndogo, kwa picha.

"Mama amekula!"

"Alhamdulillah!" Uso wa Mustafe ulikuwa mdogo kama ukucha. "Sagal, kuna mtu umempa uunsi aniletee? Chumba changu chote kinanukia tangu alasiri."

Na hapo ndipo kicheko kile kikamrudia, na mkono ule ukipunga.

"Mustafe, toka humo. Toka sasa hivi."

"Nini? Mtandao unakatika. Ngoja, kuna mtu anabisha."

"Usimwitikie! Walaahi, usiseme kitu!"

Picha ikayumba alipoinuka na simu mkononi. Sagal alikisogeza kioo kile kidogo mpaka kikagusa pua yake, asione ila mlango ukifunguka na kitu cheusi kikisimama hapo.

"Ah, kumbe ni wewe, eddo!" Mustafe alisema kwa furaha. "Soo dhawow, ingia ndani."

Kitandani, Sharifo aliweka kikombe chini, akatabasamu.

"Amefika," alisema.