Madaftari Kumi na Manne

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikilia, wenzake walitoka mbio kama waliofunguliwa kamba, naye Kamusi akabaki darasani na rundo la madaftari. Jina hilo la utani alipewa na darasa zima kwa sababu hakuwa na mpinzani katika Kiingereza. Mwalimu wa somo hilo alikuwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili na macho mawili tu, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Kwa hiyo kila safu ya madawati ilikuwa na msahihishaji wake, na safu ya Kamusi ilikuwa na madaftari kumi na manne.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Msahihishaji alitakiwa kwenda kwanza ofisi ya walimu, ambako karatasi ya majibu na maana za maneno ilitundikwa kwenye msumari kando ya kabati. Alinganishe majibu yake na yaliyomo, kisha ndipo ashike kalamu nyekundu. Jumatano hiyo Kamusi aliutazama uwanja unaowaka jua, akaitazama ofisi iliyo ng'ambo yake, akachoka kabla hajasimama. Tangu alfajiri alikuwa amechota maji, amemwogesha mdogo wake na kufagia darasa. Nyumbani vyombo vya mchana vilikuwa vinamngoja.

"Haya nayajua," alijiambia, akafungua daftari la kwanza.

Zoezi la sentensi kumi lilihusu vielezi vya Kiingereza vinavyofanana kama mapacha. Kila sentensi ilikuwa na viwili vya kuchagua: "hard" au "hardly", "late" au "lately", na vingine vya namna hiyo. Kamusi alikuwa na kanuni yake kichwani, kwamba kielezi halisi ni kile chenye mkia wa "ly". Palipokuwa na mkia akaweka vema, pasipokuwa na mkia akaweka kosa, na kazi ikaenda haraka.

Daftari la tisa lilikuwa la Taratibu, jirani yake wa dawati, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Taratibu alikuwa amefeli mitihani miwili ya Kiingereza, na mwalimu mkuu alikwisha mwambia mama yake kwamba akifeli wa tatu atarudishwa darasa la chini. Mtihani wenyewe ulikuwa Ijumaa, juu ya zoezi hilihili. Katika sentensi tano Taratibu alikuwa amechagua maneno yasiyo na mkia. Kamusi alisita kidogo. Taratibu amshinde yeye? Akachora makosa matano na kuandika chini yake: masahihisho, mara kumi kila sentensi.

Alhamisi asubuhi Kamusi aliyagawa madaftari, na alasiri akatumwa chaki ofisini. Karatasi ya majibu ilikuwa palepale msumarini, naye akaitupia jicho kwa mazoea tu. Akasogea na kuisoma tena. Neno "hardly" alilodhani maana yake ni "kwa bidii", kumbe ni "kwa shida sana". "Lately" alilodhani ni "kwa kuchelewa", kumbe ni "siku za karibuni". Taratibu alikuwa amepata yote kumi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijitetea kimoyomoyo. Nani angejua? Safu nzima ingefeli, na watu wangesema Kiingereza ni kigumu. Lakini kila alipofikiria darasa la chini, alimwona Taratibu ameketi humo.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Alimkuta ameketi mlangoni, miguu imo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

"Pole na kazi, mama."

"Nishapoa, mwanangu."

"Mama, ukishakunja shuka halafu ukaona doa, unafanyaje?"

"Nalikunjua."

"Hata ukiwa umechoka?"

"Kwani nani kakwambia kuna siku huwa sijachoka?" Mama alicheka bila nguvu. "Shuka halikai kabatini, linaenda kulaliwa na mgonjwa. Haya, sema. Umekunja nini?"

Kamusi akamweleza yote. Mama hakufoka. Alitoa miguu kwenye maji, akaifuta.

"Jua bado lipo. Nenda kwao. Vyombo nitaosha mimi."

Taratibu alikuwa amejiinamia mkekani, vidole vimejaa wino.

"Ngoja nimalize," alisema. "Zimebaki mara mbili tu."

"Acha kuandika. Nilikosea mimi. Sikwenda kuangalia majibu, nikabuni tu."

Taratibu aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo nilikuwa nimepata?"

"Yote."

"Mimi leo nilimwambia mama asihangaike tena kuniombea nafasi kwa mwalimu mkuu. Nilimwambia kichwa changu ndicho kibovu."

Kamusi alilia kwa aibu. Taratibu hakumbembeleza. Alimwacha alie, kisha akauliza kwa sauti ya uchovu, "Na wale wengine kumi na watatu?"

Ijumaa, kabla karatasi za mtihani hazijagawiwa, Kamusi alisimama akakiri kosa lake mbele ya darasa zima. Wengine waliguna, mmoja akamzomea. Mwalimu alizikusanya karatasi zake, akaketi polepole, akasema mtihani utakuwa Jumatatu. Siku hiyo alilifundisha zoezi upya, neno kwa neno. Jumatatu alisahihisha mwenyewe. Taratibu alipata tisa kwa kumi, na habari ya kurudishwa darasa ikaishia hapo.

Baadaye mwalimu alimwita Kamusi pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kuchoka si kosa," alimwambia. "Mimi pia nimechoka, ndiyo maana nikawatwika kazi yangu, na hilo nitalirekebisha. Ungekuja kusema umechoka, ningekupumzisha. Lakini kumbuka jambo moja. Taratibu alifuta jibu sahihi kwa sababu wewe ulisema si sahihi. Mtu akikuamini kiasi hicho, huna ruhusa ya kumbahatishia."