Somo la Uraia Kisimani

Kengele ya saa kumi kasorobo ilipolia, wanafunzi wa shule ya msingi kule Kikoneni walitawanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Mbeyu hakwenda kucheza nage na wenzake. Alipitia nyumbani, akachukua chupa ya chai na viazi vitamu vilivyochemshwa, akavipeleka kanisani. Babake, Fundi Jethro, alikuwa akichimba kisima pale.

Fundi Jethro alikuwa mtu mpole, mwenye mikono migumu kama gome la mti. Alizaliwa Msumbiji na kuletwa Kenya mgongoni mwa mamake, babake alipokuja kukata mkonge. Alikulia Kwale, akaoa Kwale, na visima alivyovichimba toka Kikoneni hadi Msambweni hakuna aliyeweza kuvihesabu. Hata hivyo, hakuwa na kitambulisho. Uchaguzi ulipofika, majirani walikwenda kupiga kura, yeye akabaki kulinda mbuzi wao.

Basi mwezi wa Juni mwaka 1998, chifu alimletea barua. Zamu ya ombi lake la uraia ilikuwa imefika. Baada ya wiki tatu alitakiwa kufika ofisini mjini Kwale, na huko angeulizwa maswali kuhusu serikali ya Kenya na namna inavyoendeshwa.

Fundi Jethro hakujua kusoma, lakini hakuwa na wasiwasi. Alimwambia mkewe kwamba Mungu amemjalia mwalimu nyumbani mwake mwenyewe. Mbeyu alikuwa darasa la saba, na mara nyingi alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba katika Uraia hakuna anayemshinda.

Hayo hayakuwa kweli. Katika mtihani wa mwisho Mbeyu alikuwa amepata alama kumi na moja kwa thelathini. Karatasi aliichanachana njiani. Kitabu chenyewe cha Uraia alikuwa amemwazima rafiki yake Gillian tangu muhula wa kwanza, wala hakuwahi kukifuata.

Siku ya kwanza ya masomo, Mbeyu alikusudia kusema kweli. Lakini babake alikuwa ameshateremka kisimani, pima nne chini ya ardhi, na sauti yake ilipanda juu imejaa furaha: "Haya, mwalimu, anza. Mimi nachimba huku nasikiliza."

Mbeyu aliketi ukingoni. Aliona kwamba babake hawezi kuiona mikono yake. Akafungua daftari la hisabati, akajifanya anasoma.

Alichokumbuka, alikisema. Asichokumbuka, alikitunga. Babake alipouliza ni nani anayetunga sheria, Mbeyu alijibu kwamba ni polisi, kwa kuwa ndio wanaokamata watu. Alipouliza serikali ina mihimili mingapi, alisema ni minne, sawa na rangi za bendera. Alisema pia kwamba mkuu wa wilaya huchaguliwa na wananchi kwa kura. Babake aliyarudia maneno hayo kwa kila pigo la sururu, mpaka yakamkaa kichwani kama sala. Mbeyu naye alimaliza haraka, akakimbilia nage.

Siku ilipowadia, walisafiri pamoja hadi Kwale. Fundi Jethro alivaa shati jeupe la kanisani. Alitaka binti yake awepo, asikie matunda ya kazi yake. Afisa aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya upole. Alimruhusu Mbeyu kuketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango.

"Mzee, hapa Kenya sheria hutungwa na nani?" aliuliza.

"Polisi, mama," Fundi Jethro alijibu bila kusita.

Afisa aliinua uso, kisha akaendelea. Fundi Jethro alitaja mihimili minne. Alieleza jinsi wananchi wanavyompigia kura mkuu wa wilaya. Kijana aliyekuwa akipiga chapa mezani aliuma midomo ili asicheke. Mbeyu alihisi masikio yakimchoma. Alitazama sakafu, akatamani ipasuke immeze.

Afisa alivua miwani yake. "Nani aliyekufundisha haya, mzee?"

"Nimefundishwa vizuri, mama," Fundi Jethro alisema. "Kichwa changu ndicho kibovu."

Afisa hakumkejeli. Alimweleza kwamba hawezi kumpitisha, ila anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, na akamsihi asome zaidi. Walipotoka nje, Fundi Jethro alimshika binti yake bega.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Umetaabika nami wiki tatu, nami nimeyavuruga yote uliyonifundisha."

Kama babake angempiga, Mbeyu angeona nafuu.

Usiku ule hakula, na kesho yake pia alikigusagusa chakula tu. Mamake alidhani ni homa. Darasani, Mwalimu Ziro wa somo la Uraia alipomwona ameinama wakati wote, alimwita kando baada ya kipindi na kumwuliza kilichomsibu. Mbeyu alilia, akasimulia yote. Mwalimu Ziro alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba yuko tayari kuwasaidia wote wawili, lakini hatafungua kitabu kabla Mbeyu hajamwambia babake kwa mdomo wake mwenyewe.

Alasiri ile Mbeyu alienda kisimani. Babake alisikia hatua zake, akamwita kutoka chini. Alisema ameona heri waanze upya, tangu mwanzo, na safari hii atajitahidi zaidi.

"Baba, panda juu kwanza," Mbeyu alisema. "Neno hili siwezi kukuambia ukiwa chini."

Fundi Jethro alipanda ngazi ya kamba polepole, tope limemfika magotini. Mbeyu alimweleza kila kitu: daftari la hisabati, majibu ya kutunga, zile alama kumi na moja. Hakuficha jambo hata moja. Alipomaliza, babake alinawa mikono, akaketi juu ya rundo la mawe, akanywa chai yake.

"Aibu ile niliibeba siku mbili nikidhani ni yangu," babake alisema hatimaye. "Sasa nenda kwa Gillian ukalete kitabu. Usome kila ukurasa kabla hujanifundisha. Na usilolijua, sema hulijui."

Ndivyo walivyofanya. Kila alasiri Mbeyu alisoma, na mara nyingi sana alilazimika kusema, "Hili silijui, baba, nitamwuliza Mwalimu Ziro." Mwanzoni maneno hayo yalikuwa mazito. Siku zilivyopita, yalizidi kuwa mepesi. Alijifunza kwamba sheria hutungwa na Bunge, kwamba mihimili ni mitatu, na kwamba mkuu wa wilaya huteuliwa na rais. Na walipofikia wajibu wa raia, babake ndiye aliyemweleza yeye, maana kulipa kodi, kusaidia jirani na kutunza mali ya umma hakuhitaji kusomewa kitabuni.

Mwezi wa Septemba walirudi Kwale. Fundi Jethro alijibu swali baada ya swali kwa utulivu. Kisha yule mama akamwuliza idadi ya wabunge wanaoteuliwa.

"Hilo silijui, mama," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Afisa alitabasamu, akaandika. Alimwambia kwamba amefaulu, na kwamba ataitwa mbele ya hakimu kula kiapo cha utii.

Nje, Mbeyu alishukuru Mungu kimoyomoyo, ila bado hakuthubutu kumtazama babake. Fundi Jethro alisimama, akamgeuza taratibu.

"Sikiliza, binti yangu," alisema. "Fundi akikuta mwamba, huwaambia wenye kisima kwamba amekuta mwamba. Akiwaficha, watakaa na ndoo zao wakingoja maji ambayo hayapo. Kutojua si aibu, mwanangu. Aibu ni kumpa mtu uongo naye amekuamini."

"Nimesikia, baba," Mbeyu alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu akamtazama usoni.