Nyayo za Mchana katika Nyumba ya Koki

Mideva, ambaye majirani walimwita Mama Kweyu, aliuza mboga katika soko la Jericho. Kila asubuhi alichemsha chai, akamwamsha mumewe Mulama, kisha wakatoka pamoja. Mulama alikwenda kiwandani Baba Dogo. Mideva alikwenda kibandani kwake.

Waliishi katika nyumba ya zamani ya baraza la jiji. Kabla yao, nyumba hiyo ilikaliwa na mama mmoja aliyeitwa Koki. Koki aliumwa mgongo miaka mingi. Alilala mchana kutwa, na akiinuka alitembea kwa kushika ukuta. Mwishowe alifia humo humo. Kutoka kitandani hadi mlango wa nyuma, mkono wake uliacha mstari mweusi ukutani. Mulama aliupaka rangi mara mbili. Kila mara, baada ya wiki chache, mstari ulirudi.

"Ni mafuta ya mkono," alisema Mulama. "Yanapenya rangi."

Mideva aligeukia upande mwingine. Hakupenda kuutazama ukuta ule.

Hawakuwa wamekaa sana humo wakati Mideva alipoinua gunia la kabichi na mgongo ukamshika. Hospitalini alipimwa, akaambiwa hakuna kilichovunjika, akapewa dawa. Maumivu yalipungua, kisha yakarudi. Watu wakamshauri. Usiiname. Usibebe kitu. Lala. Mideva akalala. Akanunua na mkanda wa mgongo. Miezi minane ikapita, na mgongo ukazidi kukaza.

Kuna jambo Mulama hakulijua. Kila siku saa nne, Mideva alifunga kibanda, akapita kichochoro cha nyuma, akaingia nyumbani kimya kimya kulala. Jioni alitoka tena kwa mlango huo wa nyuma, akazunguka, akarudi kwa mlango wa mbele kama mtu anayetoka sokoni. Aliona aibu.

Ndipo alipoanza kuzisikia nyayo.

Kwaru, tap. Kwaru, tap. Zilianza kila alipoinuka kwenda kunywa maji. Zilikuwa karibu, ni kama zilitoka ukutani. Akisimama, nazo zinasimama. Akigeuka, haoni mtu.

Jioni moja Mulama aliingia na uso mzito.

"Nyamai ananiambia nyumba yetu ina mtu mchana," alisema.

Nyamai alikuwa fundi wa viatu. Benchi lake liliegemea ukuta wao wa mbele.

"Mtu gani?" Mideva aliuliza.

"Eti ni Koki. Mguu mmoja unakwaruza, mwingine unagonga. Nyamai anasema yeye anajua sauti ya soli. Anasema huo ndio mwendo wa Koki, hauna tofauti."

Mideva aliweka kikombe chini. Angeweza kusema, "Mchana huwa niko hapa." Lakini angesemaje, na nyayo hizo amezisikia kwa masikio yake?

Alhamisi iliyofuata, saa sita mchana, Mideva aliinuka kitandani. Nje kulikuwa na jua kali. Ndani kulikuwa na giza la pazia. Kwaru, tap. Akaharakisha. Nyayo nazo zikaharakisha. Ghafla mgongo ukambana, akashika ukuta asianguke. Alipotazama mkono wake, ulikuwa juu ya mstari mweusi. Ulikaa pale kana kwamba mstari ulichorwa kwa ajili yake.

Mideva akapiga ukemi.

Nje, Nyamai alidondosha nyundo. Hakuthubutu kuingia. Alikimbia nyumba ya tatu kumwita Khawla. Khawla alifanya kazi katika kituo cha afya, akiwasaidia wagonjwa wa maungo kwa mazoezi. Siku hiyo alikuwa na mapumziko.

"Hodi!" Khawla aliita kwenye mlango wa nyuma. "Kuna nani? Mama Kweyu! Kumbe ni wewe?"

"Khawla, Koki yumo humu," Mideva alinong'ona. "Ananifuata."

Khawla hakucheka. Alimshika mkono. "Vuta pumzi polepole. Tena. Mgongo unaachia?"

"Kidogo."

"Basi tutembee hatua tatu."

Kwaru, tap. Kwaru.

"Umesikia?" Mideva aliuliza.

"Nimesikia. Simama."

Kimya.

"Tembea tena. Lakini safari hii, tazama mguu wako wa kulia."

Mideva akatazama. Mguu haukuinuka. Aliuburura kwa kuogopa maumivu, na ndala ikakwaruza sakafu. Kwaru.

"Ni mimi," alisema. Mwili ulimsisimka kuliko mwanzo. "Khawla, nimekuwa Koki."

"Bado hujawa," Khawla alijibu. "Kaa kitini. Koki nilimjua nikiwa msichana. Aliambiwa alale, akalala. Hakuna aliyemwambia vingine."

Kisha akamuuliza maswali. "Miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu? Unashindwa kuuzuia mkojo, au unakataa kutoka? Una homa? Unakonda bila sababu?"

"Hapana. Naburura mguu kwa sababu naogopa tu."

Khawla alimpima nguvu za miguu yote miwili, akaridhika. "Ungesema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, tungekwenda hospitali sasa hivi."

"Sasa mbona siponi?"

"Jeraha la gunia lilipona zamani. Mwili wako ndio bado unaogopa. Unapiga kelele hata pasipo na hatari. Na misuli isipofanya kazi hulegea. Ikilegea, kazi ndogo inauma. Ikiuma, unalala tena."

"Unasema maumivu nayatunga?"

"La, Mama Kweyu. Maumivu ni ya kweli. Lakini kuumwa si lazima kuwe ni kuumia."

Jioni hiyo Mideva alimweleza mumewe kila kitu. Mulama alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona mzigo."

Mulama alikuna kichwa. "Na mimi nikuambie langu. Tangu Nyamai aniambie, nikirudi kabla yako nakaa nje. Siingii mpaka uje."

Wakatazamana, wakacheka, mpaka Mideva akashika mgongo.

Kesho yake mazoezi ya Khawla yalianza. Kukaa kitini na kusimama bila kushika kitu, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Kutembea hadi mfereji wa maji ulio mwisho wa safu ya nyumba na kurudi. Hayo tu. Nyayo za Koki zilitembea naye. Kila hatua ya kwaru ilimtia baridi, lakini alizidi kwenda. Wiki ya pili alisimama mara nane, akaanza kuinua chupa ya maji ya lita moja kutoka juu ya stuli. Wiki ya tatu aliinua kibuyu cha lita tatu kutoka sakafuni, akikunja magoti, akikiweka karibu na mwili.

Wiki ya nne alijiona amepona. Aliinua mtungi wa lita ishirini. Usiku hakulala, na asubuhi hakuweza kuvaa viatu. Alirudi kitandani. Godoro lilikuwa na bonde katikati, naye akajikuta anateremka humo taratibu, kama mtu anayevutwa. Akamtuma Mulama amwite Khawla.

"Nimejivunja tena," alisema.

Khawla alimuuliza tena yale maswali, akampima miguu. "Hujajivunja. Umeruka ngazi. Rudi nyuma ngazi moja, lakini usirudi kitandani. Leo simama mara tatu. Kesho tano."

"Nitajuaje kiasi?"

"Mazoezi yakiuma kidogo, na kesho yake ukarudi kama ulivyokuwa, endelea. Ikiwa kesho yake umezidi kuumwa, punguza. Kupunguza si kuacha."

Mideva aliinuka, huku akilia. Akasimama mara tatu.

Baada ya miezi mitatu alibeba lita kumi za maji kutoka mferejini hadi nyumbani. Kibanda hakikufungwa tena saa nne. Mkanda wa mgongo ulining'inia msumarini, hauna kazi.

Jumapili moja ya Agosti, kanisa lao liliandamana mtaani. Walivaa kanzu nyeupe, wakabeba bendera, wakaimba. Mulama alipiga ngoma. Walipokata kona ya pili, mgongo wa Mideva ulichoma.

"Dada, tukutafutie kiti?" mama mmoja aliuliza.

"Hapana. Unauma kidogo tu. Najua kiasi chake."

Alipunguza mwendo, akavuta pumzi, akalegeza mabega. Maumivu yakatulia. Akaendelea kuimba.

Baadaye Mulama alianza kuwa na wasiwasi. Aligeuka kumtafuta mkewe kule nyuma, walikotembea wazee na wagonjwa. Hakumwona. Akatazama mstari mzima nyuma yake, uso kwa uso. Mideva hayupo. Mdundo wa ngoma ukamponyoka.

"Mulama!"

Sauti ilitoka mbele. Mideva alikuwa amempita zamani, bendera mkononi.

"Piga ngoma, baba! Unatuchelewesha!"