Kiraka Kwenye Mchoro wa Marsia

Mungu anisamehe: onyo nililiona mimi, nikalinyamazia kwa wivu.

Asubuhi hiyo mji wetu wa Bologna, Italia, ulikuwa na jua zuri. Ortensia, binti wa shangazi yangu, alikunywa kahawa akiimba, kisha tukafungua chumba cha michoro ya kale tulikofanya kazi wote wawili. Mchoro wa siku hiyo ulikuwa wa wino wa kahawia: Marsia, nusu mtu nusu mbuzi, aliyethubutu kushindana na mungu Apolo kwa muziki. Amening'inizwa mtini kichwa chini, anachunwa ngozi angali hai. Watu saba wamemzunguka.

Ortensia alikuwa na mtindo wake wa kusoma mpangilio wa picha. Aliufunika mchoro kwa kioo, akalaza nyuzi nyekundu juu yake, kila mtazamaji na uzi wake, aone macho yanakwenda wapi.

Hakuna aliyemtazama Marsia. Nyuzi zote saba zilikutana chini, kwenye nyasi tupu.

Akainama. "Nives, hapa pana kiraka. Fundi alikosea, akabandika karatasi juu. Mbona umenuna? Wivu huo, mtawa we!" Aliniita mtawa kwa utani, kwa sababu ya sala zangu; wivu ulikuwa wa kweli, maana kila ugunduzi ulikuwa wake.

Jana yake, nikifuta vumbi, nilikuwa nimesoma maandishi mgongoni mwa mchoro ule: *Atakayebandua ndiye atakayetazamwa.*

"Bandua tu, mpenzi," nikamwambia.

Akaondoa kioo. Akalowesha kiraka kwa brashi, akakiinua taratibu kwa kisu chembamba.

Chini yake palichorwa uso wa mwanamke. Uso mtupu, bila kichwa, umetandazwa nyasini kama kitambaa. Una kidoa kidevuni.

Ortensia alishika kidevu chake. Kidoa chake kilikuwa pale pale.

"Nives," alinong'ona. "Kuna ncha ya ngozi hapa, imebanduka."

"Usiivute."

"Siwezi kuacha."

Ngozi ya uso ilitoka kirahisi. Bila damu. Hakupiga kelele, hakuwa tena na mdomo wa kupigia.

Tulimzika jeneza likiwa limefungwa. Niliporudi kazini, kiraka kilikuwa kimebandikwa tena, kikavu, na kioo kiko juu yake. Sikukigusa mimi. Nyuzi saba zilikuwa zimelazwa upya. Zilitoka nje ya karatasi, zikavuka meza, zikaishia kwenye kiti changu.

Nasali kila siku. Lakini tangu Jumapili shingo inaniwasha, na kujitazama kwenye kioo sithubutu.

Tafadhali, niinulie nywele hapa nyuma. Niambie kama kuna ncha.