Mauza Ajifungia Nje

Kila asubuhi Mauza alifungua duka lake la vitambaa Kariakoo. Alipanga majora mlangoni, kisha akawasha laptopu aliyoiacha marehemu mumewe, Saif. Ndani yake mlikuwa na mambo ya duka, picha za familia, na sauti ya Saif akisoma Kurani. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Siku moja alimkuta binti yake, Najma, ameifungua. Bila kuuliza, akamfokea mbele ya wateja kwamba anachungulia mambo yasiyomhusu. Jioni Najma akahamia kwa shangazi yake, Ilala. Mauza, kwa hasira, akabadilisha neno la siri.

Hasira ziliposhuka, neno nalo lilikuwa limemtoka. Alijaribu hili na lile, wapi! Hitma ya Saif, kisomo cha kumwombea marehemu, ilikaribia, na ndugu walitaka kuisikia sauti yake. Mauza akawa anawakwepa. Aliona haya kusema kwamba amejifungia nje mwenyewe.

Fundi mmoja mtaani alitaka kuifuta laptopu yote ianze upya. Mauza akakataa, akaenda kwa Nirali, fundi wa kompyuta karibu na Mnazi Mmoja.

Nirali alimwamkia, akamsikiliza, kisha akamweleza taratibu. Diski ya laptopu ile ilikuwa imefumbwa. Yaani kila kilichomo kimegeuzwa kisisomeke, ili hata ikiibiwa, mwizi asipate kitu. Fundi naye hawezi kulivunja fumbo hilo. Ila laptopu inapoandaliwa mara ya kwanza, hutoa ufunguo wa dharura, yaani namba ndefu. Mara nyingi namba hiyo hutunzwa kwenye akaunti ya aliyeiandaa.

"Nani aliiandaa, mama?"

Mauza aliinamisha kichwa. "Binti yangu. Na nimemkosea."

"Basi ufunguo anao yeye."

Mauza alifikiri amtume mtu akamwambie Najma kwamba laptopu imeharibika tu. Nafsi ikamsuta. Akapiga simu mwenyewe, akaomba radhi kabla hata ya kuitaja laptopu.

Najma akasema, "Mama, siku ile nilikuwa namsikiliza baba."

Mauza akajifunika uso kwa mtandio, pale pale mbele ya fundi.

Najma alikuja. Akaingia kwenye akaunti yake kwa simu, akaisoma ile namba, Nirali akaiandika kwenye laptopu, na diski ikafunguka. Nirali akamsaidia Mauza kuweka neno jipya la siri. Alimshauri asitumie jina wala tarehe ya kuzaliwa, bali aunganishe maneno kadhaa yasiyohusiana, ambayo yeye hatayasahau. Ufunguo wa dharura wakauchapisha, wautunze nyumbani, mbali na laptopu. Mtu yeyote akipiga simu kuuomba, asipewe. Mwisho wakanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, akaichukua Najma.

Siku ya hitma, sauti ya Saif ilijaa sebuleni. Ilipokwisha, wifi yake Mauza akauliza kwa nini alikuwa akiwakwepa. Mauza angeweza kusingizia kazi za duka. Lakini akaeleza yote.

"Nilimfokea Najma mbele za watu," alisema. "Leo namwomba radhi mbele za watu."

Najma alinyanyuka alipokuwa, akaja kukaa ubavuni mwa mama yake. Usiku huo hakurudi kwa shangazi.