Doa Lisilosogea

"Inakuza mara elfu mbili, dada. Hata roho ya sisimizi utaiona."

Muuza duka aliisukuma hadubini ya plastiki nyekundu juu ya kaunta, na Ravneet Kaur akainama kuitazama. Alivaa suruali pana na kanzu ya rangi ya haradali, mtandio wa kijani umemteleza begani, na miwani yake ilikuwa minene hata macho yakaonekana madogo, ya mbali. Soko la vifaa vya sayansi la Ambala, India, lilikuwa limefurika siku ile. Makuli walipita na masanduku ya chupa za maabara, pikipiki zilipiga honi, na mtu wa jalebi alikuwa akikaanga vitamu vyake palepale mlangoni. Nyuma ya Ravneet mtu akacheka.

"Unacheka nini?" Ravneet akageuka.

Alikuwa kijana mrefu, kilemba cha samawati kimekaa sawasawa kichwani, vidole vimejaa grisi.

"Nacheka hiyo elfu mbili," alisema. "Utaona ukungu, ila utakuwa ukungu mkubwa sana. Samahani, si biashara yangu."

"Kama si biashara yako, Tejpal, nenda zako," muuza duka akamkatiza.

"Naenda. Dada, unataka kutazama nini?"

"Maji ya kidimbwi. Ukoga wa ukutani. Mabawa ya nzi. Mimi mwalimu wa hesabu tu, najifurahisha."

"Basi usinunue namba. Nunua lenzi za kioo, shingo ya chuma isiyotikisika, na taa unayoweza kuipunguza mwanga. Hayo mengine ni mapambo."

Muuza duka alimtaka Tejpal aondoke na laana zake, naye akaondoka, na Ravneet akatoka nyuma yake. Si tabia yake kufuata wanaume sokoni, lakini hadubini aliitaka kweli.

Karakana ya Tejpal Singh ilikuwa uchochoro wa pili, yenye harufu ya mafuta ya mashine na vumbi la shaba. Alimkalisha mbele ya hadubini nyeusi aliyoiunga mwenyewe. Akamwonyesha namna ya kuanza na lenzi ndogo kuliko zote, namna ya kulaza kile kioo chembamba juu ya tone la maji kwa upande mmoja kwanza ili mapovu yasiingie, na namna ya kuinua lenzi badala ya kuishusha wakati wa kutafuta picha, isije ikapasua kioo.

"Na ukiona doa jeusi, usinipigie simu kunitukana kwanza," alisema. "Sogeza kioo chenye tone. Doa likisogea, uchafu uko kwenye kioo. Likigoma, zungusha lenzi ya juu, hii unayowekea jicho. Likizunguka nayo, uchafu uko hapo. Likigoma tena, badilisha lenzi ya chini."

"Na likigoma kote?"

"Basi uchafu uko kwenye jicho lako," Tejpal akasema na kucheka.

Ravneet hakucheka. Baba yake, mzee Harbans, aliyekuwa mtu wa ishara za reli, alianza na doa moja jeusi. Akalidharau. Baadaye likaja giza la pembeni kama pazia, na pazia likafunga jicho moja, kisha la pili. Daktari alimwambia Ravneet kwamba macho yake ya kuona karibu sana ni ya baba mtupu, na ayachunge. Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, alifumba jicho moja akatazama feni, kisha akafumba la pili. Aliishi na hofu hiyo kama mtu anayeishi na mpangaji mbaya ndani ya nyumba. Ndiyo maana alitaka hadubini. Alitaka kuona kila kinachoonekana, mapema.

Hayo hakumwambia Tejpal. Aliichukua ile nyeusi, akaondoka nayo ameikumbatia.

Simu zikaanza wiki hiyohiyo.

"Tej, nimemwona mnyama mnene ana miguu minane. Anatembea kama mwalimu mkuu wetu."

"Huyo dubu wa maji. Msalimie."

"Nimemsalimia, hajibu."

"Ana adabu. Hasemi na mabinti wasioolewa."

"Kuna mwanaume mmoja sokoni angejifunza kwake."

"Huyo mwanaume akinyamaza utamtafuta wewe mwenyewe, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka hivyohivyo, na hakuna aliyelirudisha. Msimu wa mvua ulipokwisha walikuwa wameshatazama pamoja kila dimbwi lililo kati ya reli na mashamba ya ngano, Ravneet amebeba chupa, Tejpal amebeba pipeti sikioni kama fundi anavyobeba penseli. Mwishowe Tejpal akasema mama yake anakuja Jumapili kumwona msichana kabla ya posa.

Ravneet alitabasamu, akaisukuma miwani yake juu ya pua. Alishawahi kuonwa. Familia ile ya kwanza ilimtaka avue miwani asome kalenda ya ukutani, na mama wa kijana akahesabu kwa sauti herufi alizokosea. Walimaliza chai yao na hawakurudi.

Siku chache kabla ya Jumapili, alikuwa akitazama bawa la nzi alipoliona doa. Dogo, jeusi, limejikunja kama uzi. Akasogeza kioo. Bawa likasogea, doa likabaki. Akazungusha lenzi ya juu. Doa likabaki. Akabadilisha lenzi ya chini, na doa likabaki palepale. Kisha, pembeni kabisa, kikametameta kitu kama cheche, na chumbani hapakuwa na taa nyingine.

Alijua anachopaswa kufanya, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Lakini hospitali maana yake ni dawa ya kupanua mboni, na maneno, na Jumapili mama wa watu kukuta msichana anayepofuka. Siku chache tu, alijiambia. Na bado kulikuwa na tumaini dogo la kijinga: pengine amekosea kupima. Pengine kweli ni uchafu.

Akaibeba hadubini hadi karakana.

"Lenzi yako ina uchafu," alisema, hakumtazama usoni.

"Yangu?" Tejpal aliweka bisibisi chini. "Neetu, lenzi hiyo nimeisafisha kwa mkono wangu."

"Basi hukuisafisha vizuri. Itazame. Ukiupata huo uchafu, nipigie. Nipigie leo."

"Ndiyo kusema hii ni amri, au umenichoka? Maana Jumapili inakaribia, na naona mtu anarudisha vitu."

Ravneet aliiacha hadubini mezani. Akatoka bila kwaheri.

Tejpal alishinda na hadubini ile. Aliifungua yote, akapuliza vumbi kwa kipira cha hewa, akapitisha karatasi laini kwenye kila lenzi, akaitazama kwa jicho hili na lile. Ilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo ananitafutia sababu, aliwaza, na akaumia vibaya. Kisha akawaza kama mtu anayependa: kama anataka uchafu, apewe uchafu wake, ugomvi uishe.

"Nimeupata," alimwambia kwenye simu. "Ulikuwa kwenye lenzi ya juu, umejificha ukingoni. Nimeufuta."

Kisha akasikia kilio. Ravneet alilia kwa kwikwi, mpaka Tejpal akatoa simu sikioni na kuitazama.

"Neetu? Uchafu tu huo."

"Asante. Tej, hujui umenifanyia nini. Asante, roho yangu."

Tejpal alilala kwa furaha, lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwa na kitu kinachomkwaruza. Nani analilia chembe ya vumbi hivyo?

Kesho yake mchana alikuwa akimwelekeza mteja, mzee mmoja mstaafu aliyetaka kutazama mchanga wa mto. "Sogeza kioo," alikuwa akisema kwa mazoea. "Likigoma zungusha hii. Likigoma kote, basi uchafu uko kwenye..."

Akasita. Alimkumbuka Ravneet siku ile ya kwanza, ambaye hakucheka. Alimkumbuka mzee Harbans, aliyemwona siku moja alipomsindikiza Ravneet nyumbani, akipapasa kikombe chake. Msichana yule alikuwa amepima kila kitu kabla ya kuja. Ni mwalimu wa hesabu, angewezaje kutopima? Na yeye, kwa mdomo wake mtamu, alimwambia jicho lake ni zima.

Simu ya Ravneet ikaita bila kupokelewa. Ikaita tena. Tejpal akamwacha mteja na mchanga wake, akawasha skuta. Njiani mara mbili nusura agonge watu.

Alimkuta uani mwa shule, wasichana wanatoka darasani. Alikuwa amesimama ameshika ukuta.

"Hakukuwa na uchafu," Tejpal alisema, anahema. "Nilikudanganya. Nilitafuta kote, sikuona kitu. Nilitaka ufurahi."

Rangi ilimtoka Ravneet usoni.

"Tangu asubuhi kuna giza upande huu," akasema taratibu, akionyesha pembeni mwa pua. "Kama mtu ameshusha pazia. Nikajiambia ni uchovu. Nikajiambia, Tej kaupata uchafu, kaufuta. Nilikuamini wewe kuliko jicho langu."

"Twende."

"Usinishike."

"Nichukie ndani ya teksi, Neetu. Twende."

Walikodi teksi hadi hospitali ya macho jijini. Ravneet alifumba macho njia nzima, na kila walipopita kwenye shimo la barabara alishtuka na kushika kiti, akiogopa kwamba mtikisiko utamalizia kazi. Tejpal alimwomba dereva akwepe mashimo. Daktari alimulika, akamulika tena, akaacha kutabasamu. Utando wa nyuma ya jicho umepasuka na unabanduka, alisema. Haujafika katikati. Ungefika kesho, au usiku. Nani alimwambia asubiri?

Ravneet hakumtaja mtu.

Wakamfanyia upasuaji jioni ileile, wakamjaza jicho kiputo cha hewa ili kiukandamize utando urudi mahali pake, na wakamrudisha nyumbani na sharti moja: aangalie chini. Kula, kukaa, kulala, uso chini, mpaka daktari aseme basi. Kama jicho litaona au halitaona, hakuna aliyeahidi.

Alikaa hivyo, paji la uso juu ya mto uliowekwa ukingoni mwa meza, akitazama sakafu ya saruji kwa jicho moja, na kwa lile lingine akitazama ukungu unaotikisika. Aliogopa mpaka akachoka kuogopa, akapumzika kidogo, akaanza tena. Simu za Tejpal hakupokea. Alimtuma baba amwambie Jumapili imefutwa.

Jumapili mama yake Tejpal akaja vilevile, amevaa hariri ya zambarau, sanduku la vitamu vya ladu mkononi, mwanawe nyuma kama mshtakiwa.

"Nimekuja kumwona msichana," alisema, akasimama katikati ya chumba. "Naona kisogo."

"Wewe una bahati, dada," mzee Harbans akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Mimi hata hicho sikioni."

Mama akabana kicheko. "Zamani tuliinamisha vichwa kwa aibu, lakini si kiasi hiki."

"Mama," Ravneet akasema, akiongea na sakafu. "Nasema kabla hujanywa chai. Jicho hili huenda lisipone. La pili linaweza kufuata. Macho yangu ni ya baba. Ukitaka kwenda, sitakulaumu."

Alisikia bangili, alisikia hariri, akajua mgeni anaondoka. Kisha mkono wa moto ukamtua kwenye shingo.

"Hapa pamekaza kama kamba," mama akasema, na kuanza kukanda. "Panauma?"

"Panauma, mama."

"Hii nyumba haina mafuta ya haradali? Mzee, nionyeshe jikoni. Au tutapapasa wote wawili."

Walipotoka, Tejpal alilala chali sakafuni, akajisukuma chini ya meza mpaka uso wake ukafika chini ya uso wa Ravneet.

"Kilemba chako kinafagia," Ravneet akasema.

"Kifagie. Sikuwa na njia nyingine ya kukuona."

"Bado nimekukasirikia. Ulinipa uongo mtamu, nikaula."

"Najua. Niulize chochote kuanzia leo, nitakuambia kilivyo, hata kikiuma. Nataka kuishi na wewe hivyo. Ukubali, ukatae, nitalala hapa nisubiri."

"Tej, naogopa sana."

"Na mimi."

Ravneet alifumba jicho zima. Kwa lile bovu hapakuwa na uso wala kilemba, kulikuwa na weupe kama wa maziwa tu. Tejpal aliinua mkono kumgusa shavu, na bangili yake ya chuma ya Kisingasinga ikapita karibu kabisa na jicho lile, upana wa vidole viwili. Ravneet akashtuka.

"Tulia. Usiondoe mkono."

"Nimekuumiza?"

"Usogeze karibu kidogo. Hapo. Hapohapo. Naona chuma. Naona mikwaruzo, Tej, mmoja mmoja. Naona unywele wa mkono wako. Kama kwenye hadubini."

Tejpal alikaza mkono palepale.

"Kuna doa," Ravneet akasema, na hofu ikarudi yote mara moja. "Jeusi. Katikati."

Wote wawili walijua cha kufanya, na hakuna aliyetaka kukifanya.

"Sogeza," akanong'ona.

Tejpal akasogeza mkono, taratibu, kidogo tu. Bangili ikasogea, na doa likasogea nayo.

"Ni grisi," Ravneet akasema, na machozi yakamdondokea Tejpal usoni. "Ni grisi yako, mchafu wewe. Ndiyo. Nimekubali."